Luku Inapogoma: Kusoma Dalili Kabla ya Kumwita Fundi

Mita ya kawaida ya luku, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ile ya vibonye iliyofungwa ukutani katika nyumba nyingi za Tanzania, haina laini ya simu wala njia nyingine ya kuzungumza na ofisi ya TANESCO, shirika la umeme la nchi hiyo. Haijui kama umelipa, haijui kama bei imebadilika, wala haina habari kwamba mtandao wa simu unasumbua tangu alasiri. Vinavyoifikia ni vitu viwili tu: umeme unaopita ndani yake, na tarakimu 20 unazozibonyeza wewe mwenyewe.

Ukilishika hilo, matatizo mengi ya luku yanajipanga yenyewe. Tatizo huwa ama upande wa pesa, kabla tokeni, yaani zile tarakimu 20, haijatengenezwa, ama kwenye tokeni yenyewe, ama kwenye nyaya na vifaa vya nyumbani ambako tokeni haihusiki hata kidogo. Anayezichanganya sehemu hizi humpigia simu mtoa huduma wa pesa kwa kosa la mita, au humwita fundi umeme apande ngazi kwa ajili ya deni la kodi ya majengo linalokatwa kupitia luku. Maelezo haya yanahusu mita za vibonye. Mita janja, zinazowasiliana na ofisi zenyewe, zina tabia nyingine. Msomaji wa Kenya anayenunua tokeni, wa Uganda anayetumia Yaka, au wa Rwanda na Burundi anayetumia Cashpower anaweza kuifuata sehemu ya tokeni bila wasiwasi, kwa kuwa mifumo yote hiyo imejengwa juu ya kiwango kimoja kiitwacho STS, kilichoanzia Afrika Kusini. Bei na makato ndiyo hutofautiana.

Pesa imekatwa, tokeni haijafika

Ombi lako hutoka kwenye simu, hupita kwa kampuni ya simu au benki, na kufika kwenye mfumo wa mauzo wa shirika la umeme. Huko ndiko tokeni inakotengenezwa, kisha inarudi kwa njia ileile hadi kwenye ujumbe mfupi. Kwa hiyo kukwama kunaweza kutokea wakati wa kwenda au wakati wa kurudi, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Kukikwama wakati wa kwenda, hakuna tokeni iliyotengenezwa, na madai yako ni ya kurudishiwa fedha. Kukikwama wakati wa kurudi, tokeni ipo tayari, na unachohitaji ni kutumiwa upya.

Usome ujumbe wa muamala kwa utulivu. Kama unasema muamala unashughulikiwa, subiri kwanza. Kama unasema umekamilika na una namba ya muamala, ihifadhi namba hiyo na uitoe pamoja na namba ya mita unapopiga simu ya huduma kwa wateja, kwa sababu mhudumu hana njia nyingine ya kuona malipo yako yaliishia wapi. Ukishindwa kuvumilia ukanunua mara ya pili, hutapoteza kitu: kila ununuzi hutoa tokeni yake, na zote mbili zitaingia. Utakuwa tu umefungia pesa zaidi ndani ya mita, na mita hairudishi chenji.

Kosa zito zaidi ni kulipia mita isiyo yako. Namba ya mita huwa na tarakimu 11, na ya mwisho ni ya ukaguzi: inatokana na hesabu ya zile kumi zinazoitangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja mfumo hugundua na kukataa. Ndiyo maana wanaolipia mita ya mtu mwingine ni nadra kuwa wamekosea kuandika. Mara nyingi wamechagua namba iliyohifadhiwa kwenye simu, ya nyumba waliyohama miaka miwili iliyopita au ya shemeji waliyewahi kumnunulia umeme. Namba hiyo ni sahihi kabisa, ila si ya kwako, na hakuna ukaguzi wa tarakimu utakaokuokoa. Kama unamfahamu mwenye mita, msomee tokeni aingize na mmalizane wenyewe. Kama humfahamu, wasiliana na shirika mapema.

Mita inaikataa tokeni

Ili kuelewa kwa nini mita hukataa, inafaa kujua kilichomo ndani ya zile tarakimu 20. Zinabeba mambo matatu makuu: idadi ya uniti ulizonunua, alama ya wakati tokeni ilipotengenezwa, na hesabu ya ukaguzi. Yote hayo yamefichwa kwa ufunguo wa siri ambao uko mahali pawili tu, kwenye mfumo wa mauzo na ndani ya mita yako. Mita hufungua fumbo kwa ufunguo wake, na hesabu ya ukaguzi isipolingana huitupa tokeni yote bila kujali ni tarakimu moja iliyokosewa au kumi. Haiwezi kukuambia umekosea wapi, kwa maana kwayo tokeni yenye kosa dogo na tokeni ya kubuni ni kitu kimoja.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kuchunguza ni vidole. Isome tokeni kwa mafungu ya tarakimu nne, mafungu matano, huku mtu mwingine akitazama kioo cha mita. Vibonye vilivyochakaa hurudia tarakimu au huiruka, na vumbi na mafuta ya jikoni huvifanya vinate. Hesabu tarakimu zilizoonekana kwenye kioo kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza. Na ukishakosea mara kadhaa mfululizo, acha. Mita nyingi hujifunga kwa muda ili kuzuia mtu anayebahatisha, na katika muda huo hata tokeni halali hukataliwa, jambo linalomfanya mwenye nyumba aamini kwamba ametapeliwa.

Sababu ya pili ni kwamba tokeni ni ya mita nyingine. Ufunguo wa kila mita hutokana na namba ya mita hiyo, kwa hiyo tokeni ya jirani haifunguki kwako hata kama mita zenu ni pacha. Linganisha namba iliyo kwenye ujumbe na ile iliyochapwa usoni mwa mita, na usiiamini karatasi iliyobandikwa mlangoni na mpangaji aliyekutangulia.

Sababu ya tatu ni wakati. Ile alama ya wakati ni idadi ya dakika zilizopita tangu siku ya kuanzia, na mita huzikumbuka alama za tokeni zilizoingia karibuni, angalau 50. Tokeni ambayo alama yake iko kwenye kumbukumbu imeshatumika. Pengine mtoto au mwenzako aliiingiza ukiwa kazini, na mita nyingine huonyesha neno "Used". Tokeni iliyo ya zamani kuliko alama zote zilizomo kwenye kumbukumbu hukataliwa kwa uzee, na huenda ukaona "Old". Hili huwapata wanaoweka akiba ya tokeni kwenye daftari na kuendelea kununua nyingine ndogondogo kila siku. Tokeni haziozi kwa kukaa wiki mbili. Ziingize tu kwa mpangilio ulionunua.

Sababu ya nne ilianza kusumbua watu mwaka 2024, na bado inawasubiri wenye nyumba zilizofungwa. Nafasi iliyotengwa kwa ajili ya dakika ndani ya tokeni inatosha dakika 16,777,216 tu, sawa na miaka 31 na miezi kumi na kitu. Kwa kuwa hesabu ilianzia mwaka 1993, nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita haina kalenda. Inalinganisha namba na namba. Hesabu ikianza upya kutoka sifuri, kila tokeni mpya ingeonekana kongwe kuliko zote. Dawa ilikuwa kubadilisha ufunguo wa kila mita, na pamoja na ufunguo mpya mita hufuta kumbukumbu ya alama na kuanza kuhesabu kutoka mwaka 2014. Uniti zilizokuwa zimebaki haziguswi.

Kwa mteja, mabadiliko hayo yanakuja kama ujumbe wenye namba tatu za tarakimu 20 badala ya moja. Mbili za kwanza hazina umeme ndani yake; ni nusu mbili za ufunguo mpya. Ya tatu ndiyo yenye uniti. Ziingize kwa mpangilio zilivyotumwa. Anayeruka mbili za mwanzo kwa kudhani ni makosa ya mtandao atakataliwa ile ya tatu, kwa kuwa imefungwa kwa ufunguo ambao mita bado haina. Vivyo hivyo, tokeni uliyoinunua kabla ya mabadiliko ukasahau kuiingiza haitaingia tena ufunguo ukishabadilika, hata ukiibonyeza kwa usahihi wote, na hapo suala ni la ofisini. Kama una nyumba kijijini ambayo haijanunuliwa umeme tangu kabla ya tarehe ile, usishangae siku ya kwanza ukipewa namba tatu.

Uniti zimekuja chache

Malalamiko haya hupelekwa kwa mita, ilhali mita haikuhusika. Uniti zilishapangwa kwenye mfumo wa mauzo kabla tokeni haijakufikia, na risiti inaonyesha hesabu yote kwa mtu aliye tayari kuisoma mstari kwa mstari.

Chukua mteja wa kundi la bei liitwalo T1, la matumizi ya kawaida, aliyenunua umeme wa shilingi 10,000. Uniti moja ni shilingi 292, juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, jumla asilimia 22. Uniti inafika shilingi 356 na senti kadhaa, kwa hiyo 10,000 inatoa uniti 28 na ushee. Ukipata 28, hakuna wizi. Ukipata 23.9, tazama mstari wa "Debt Collected": bila shaka utaona 1,500, ambayo ni kodi ya majengo ya mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Kodi hii ilianza kukatwa kupitia luku mwaka 2021 ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa. Nyumba isiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni hulimbikizwa na kukatwa siku utakayonunua. Miezi minne ni 6,000, na kutoka kwenye ile 10,000 unabakiwa na umeme wa 4,000, yaani uniti 11 na kidogo. Wapangaji wanapaswa kujua kwamba kodi hii ni ya mwenye nyumba, na risiti ni ushahidi wa kutosha wa kudai marejesho au kupunguziwa kodi ya pango, ingawa nakiri kwamba wengi huona aibu kudai shilingi 1,500.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwenye mstari wa deni. Wateja wa kundi la D1, lililokusudiwa matumizi madogo ya nyumbani, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi. Pamoja na makato, uniti hizo 75 zinagharimu shilingi 9,150. Ukivuka hapo ndani ya mwezi huohuo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, ghali kuliko hata T1. Ndiyo maana mtu hununua umeme tarehe 2 akafurahi, akanunua kwa kiasi kilekile tarehe 20 akapata chini ya theluthi moja ya uniti za mwanzo. Mita haijabadilika wala hakuna aliyechezea bei. Anayevuka mara kwa mara huhamishiwa T1, na anayetumia umeme kidogo lakini akajikuta T1 anaweza kuomba shirika lipitie matumizi yake.

Kidude cha kuingizia namba hakisomi

Pale mita inapokaa juu ya nguzo, ndani unapewa kidude chenye vibonye ambacho watu hukiita rimoti. Vingi vya aina hiyo hupeleka taarifa kwenye mita kupitia nyaya zilezile za umeme, kwa hiyo ni lazima vichomekwe kwenye soketi inayolishwa na mita yako. Uniti zikiisha, soketi haina umeme wa kukiwasha, na hapo betri ndizo zinazokifanyia kazi. Weka mpya, kiache kimechomekwa, washa meni swichi, kisha ujaribu tena. Kikigoma, kihamishie soketi iliyo karibu na meni swichi na uchomoe chaja na televisheni kwa muda, maana baadhi ya vifaa hivyo hutia kelele kwenye waya.

Uniti zipo, umeme hakuna

Kwanza tazama kwa majirani. Kama kote ni giza, kaa utulie. Kama kwao kunawaka na kioo cha mita yako hakionyeshi kitu, umeme haufiki kwenye mita, na tatizo ni la waya unaotoka kwenye nguzo. Kazi hiyo ni ya shirika peke yake.

Kioo kikiwa kinawaka na uniti zinaonekana, nenda kwenye meni swichi na breka. Breka iliyoanguka ikiinuliwa na kuanguka papo hapo inakuambia kuna hitilafu kwenye njia ile, na kuilazimisha kwa kuishikilia kwa kidole ni kutafuta moto. Ikiwa breka zote ziko juu na bado hakuna umeme, huenda mita imejikata yenyewe. Hujikata mzigo unapozidi uwezo uliowekwa, kwa mfano jiko la umeme, pasi na hita ya maji vikiwashwa kwa pamoja. Zima vyote, subiri dakika kadhaa, kisha uwashe kimoja kimoja.

Mita pia hujikata inapohisi kwamba mfuniko wake umefunguliwa. Ikishafika hapo hairudi kwa kununua umeme. Inataka tokeni maalumu inayotolewa na shirika baada ya ukaguzi. Fundi wa mtaani anayekuambia atafungua kidogo aangalie anakuingiza kwenye kosa la jinai, kwani sili iliyokatwa huhesabiwa kuwa ni kuchezea mita hata kama nia yenu ilikuwa njema.

Uniti zinaisha haraka

Hapa inafaa kusimama mbele ya mita na kutazama taa ndogo nyekundu inayomweka. Pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita ya aina hiyo kila mmweko ni sehemu moja ya elfu ya uniti, na hesabu yake ni rahisi: gawanya 3,600 kwa sekunde zilizopita kati ya mmweko na mmweko, utapata wati zinazotumika wakati ule. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde mbili ni wati 1,800.

Zima meni swichi. Taa ikitulia, mita haihesabu kitu kisichopita ndani ya nyumba yako, na mlaji yumo humo ndani. Washa meni swichi, chomoa kila kifaa, na utazame tena. Ikimweka ilhali hakuna kilichochomekwa, kuna waya unaovujisha umeme, aghalabu ule uliopita kwenye ukuta wenye unyevu au uliofukiwa chini ya ardhi kwenda taa ya geti. Shusha breka moja baada ya nyingine hadi mmweko ukome, na umwonyeshe fundi breka hiyo.

Kama taa imetulia, rudisha kifaa kimoja kimoja. Watu huziogopa balbu, wakati mlaji mkubwa ni kitu kinachopasha moto: hita ya bafuni ya wati 5,000 hula uniti moja kwa dakika 12. Friji yenye mpira wa mlango uliolegea haipumziki, na utaligundua hilo kwa kuiacha peke yake usiku na kulinganisha usomaji wa saa mbili usiku na wa saa kumi na mbili asubuhi.

Ukiwa bado unaituhumu mita, ipime kwa birika la umeme. Zima vingine vyote, jaza maji lita moja na nusu ili lisichemke kabla hujamaliza, na uhesabu mimweko 100. Birika la wati 2,000 kwenye mita ya 1000 imp/kWh linatakiwa kuchukua dakika tatu. Likichukua dakika karibu nne, usishangilie. Umeme wa mtaani uko chini, labda volti 200, na birika limepunguza nguvu. Likichukua dakika mbili ilhali una hakika hakuna kingine kinachowaka, una hoja ya kupeleka ofisini ili mita ipimwe.

Yapo mazingira ya tatu: umezima meni swichi na taa bado inamweka. Hilo lilinipata kwenye nyumba niliyopanga, saa tatu usiku, tochi ya simu mkononi. Mmweko ulikuja kila sekunde tisa, yaani wati 400, ukaendelea hivyo dakika kama ishirini, kisha ukakoma ghafla. Kifaa kinachokula wati 400 bila kuyumba na kuacha chenyewe hakiwezi kuwa balbu wala friji. Usiku uliofuata nilizima tena, taa ilipoanza kumweka nikatoka nje kusikiliza, na nyuma ya uzio nikasikia maji yakiingia kwenye tangi la nyumba ya uani. Ilikuwa pampu ya kisima, na waya wake ulikuwa umechukuliwa kati ya mita na meni swichi. Kwa saa mbili kwa siku, ni uniti 24 kwa mwezi, karibu shilingi 8,500.

Mzee mwenye nyumba hakukasirika nilipomwonyesha. "Hiyo pampu, mwanangu, ilifungwa kabla hata nyumba ya mbele haijawa na mpangaji," alisema, akamwita fundi Jumamosi ile ile. Waya ulihamishiwa kwenye mita ya uani. Tukazima meni swichi, pampu ikawashwa, tukasimama mbele ya mita wote watatu kwa dakika tano; taa nyekundu haikumweka hata mara moja.